Mlango Alioufungua Mtani

Jumamosi. Ukungu umeifunika milima ya Uluguru tangu asubuhi, na moyo wangu nao haujakucha.

Jirani mpya alikuja kubisha hodi. Ni kijana mstaarabu, ameinunua nyumba ya marehemu Mzee Mihayo. "Shikamoo, bibi. Jumatatu fundi anakuja kuuziba ule mlango wa uani kati ya nyumba zetu. Mambo ya usalama tu."

"Marahaba, baba," nikamjibu. Ukuta ni wake pia.

Hajui mlango ule ulitoka wapi.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini mtaa wetu ulikuwa wa nyumba za udongo zilizoezekwa madebe yaliyonyooshwa. Sisi Waluguru tulishuka mlimani. Mzee Mihayo, Mnyamwezi, aliletwa na kazi ya reli. Tukawa watani, tukitukanana asubuhi na jioni, na hakuna aliyenuna.

Baba alipofariki nilikuwa mdogo. Mama alijifungia chumbani, hali wala hasemi. Mke wa Mihayo alizunguka na uji hadi mlango wa mbele, akapita katikati ya wanaume waliokaa matangani, uji ukarudi ulivyo. Mihayo, kama ilivyo desturi ya watani msibani, akavaa koti la marehemu, akatembea ameshika kiuno kama baba. Waombolezaji walicheka mpaka machozi. Mama, kimya.

Ndipo Mihayo akachukua jembe, akautoboa ukuta wa uani.

Udongo uliporomoka kwa kishindo. Akapenya na bakuli la uji mkononi. "Waluguru bwana! Mchana mnajinyima, usiku mnatafuna peke yenu?"

Mama akatoka mbio. "Wee Mnyamwezi! Ukuta wangu!"

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu mazishi. Akacheka, akalia, akanywa uji wote.

Mtani hadaiwi fidia. Tundu likawekewa fremu, na miaka yote tukapitisha humo makaa, chumvi, watoto na umbea. Hata akina mama Wakristo wa mlimani, waliolala kwetu sisi Waislamu na matenga yao ya mboga kungoja soko, walipita humo kwenda kuoga kwa Mihayo. Nyumba mbili, ua mmoja.

Nimemkumbuka mama leo. Watoto wa Mihayo wameshatawanyika, na kijana wa watu hana kosa lolote.

Ila siku nitakayojifungia chumbani mimi, nani atakuja na jembe?