Karatasi ya Chumba cha Obed

Kitandililo, Makambako
Jumapili, 3 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta umekaa pale nje ya wodi, ulipotuambia huwa mnaota jua na mdogo wangu Obed, na kwamba kifua chake kinazidi kutulia. Sisi hapa tupo. Bibi anakuambia kamwene sana, na amenisimamia niandike hilo neno “sana” kwa sababu anadai huwa nazifupisha salamu zake. Baba alipiga simu kutoka Mafinga, anasema kazi ya kupasua mbao inaendelea na atakuja Krismasi. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka, Mama. Nimechoka kama mtu aliyefagia uwanja siku ya upepo.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya jirani yetu Mama Kristina haisikiki mpaka iwekwe sauti ya juu, na nusu ya mtaa hutusaidia kusikiliza. Yeye mwenyewe ndiye anayekuletea barua, maana anakuja huko hospitalini Ikonda kumwona mumewe.

Mwezi wa tisa uliniambia daktari amesema Obed asilale tena kwenye moshi, ukanituma nimweleze Bibi kwa upole. Upole huo ulinishinda. Nilisimama mbele yake kama mwanafunzi anayejibu swali darasani, nikamwambia kwamba ndani ya moshi mna chembechembe ndogo mno, nyembamba kuliko unywele, ambazo pua haiwezi kuzizuia, nazo hushuka hadi chini kabisa ya mapafu na kukaa huko. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama chembe hizo zilizaliwa mwaka nilioingia sekondari. Akasema amelea watoto saba katika moshi huo huo, na mmoja wao ni baba yangu anayebeba magogo. Halafu sauti yake ikashuka, akanikumbusha baridi ya mwezi wa saba, akauliza ni nani aliyemlaza Obed jikoni karibu na mafiga na kumwongezea kuni kila moto ulipofifia, wakati sisi wengine tumejifunika gubigubi. Ni yeye, Mama, na unajua anavyompenda yule mtoto.

Nilimpelekea Mwalimu Lenard, anayetufundisha jiografia, shida yangu. Hakunipa maneno ya kumshinda Bibi. Alinipa kadi nyeupe, akanionyesha jinsi ya kuipaka mafuta ya mgando kidogo tu na kuitundika mahali kwa wiki nzima, ili kila kinachoelea hewani kinate. Alinionya kwamba kadi haioni zile chembe ndogo kuliko zote, lakini inawaonyesha watu ndugu zao wakubwa. Nikatundika moja jikoni, juu kidogo ya mkeka ambao Obed alikuwa akilalia.

Siku ya kuiondoa Bibi alikuwa anachambua maharage. Alinyoosha mkono bila kuniangalia, akapitisha kidole kwenye kadi, na kidole kikatoka cheusi kama kimechovywa kwenye masizi ya chungu. Akauliza nilikuwa nimeitundika wapi. Nikamwonyesha. Akauliza kama hapo ndipo kilipokuwa kichwa cha Obed au miguu. Nikasema kichwa. Alikwenda kunawa kile kidole, akakisugua kwa majivu, akanawa tena. Maharage aliyaacha pale pale na kuku wakayala, nami sikuthubutu kuwafukuza.

Mchana ule ule alianza kuyatoa mafiga nje, yeye mwenyewe, moja moja, akiyabingirisha. Tarsis fundi alipita, akatania kwamba siku hizi Bibi anafukuza moto nyumbani kama mkwe mbaya. Bibi akamjibu kwamba mkwe mbaya hufukuzwa na wanaume wenye nguvu, basi ashike jiwe. Akashika, na kesho yake akatupigia kibanda cha mabati ya zamani, kilicho wazi pande zote. Sasa tunapika humo. Upepo unatupuliza mgongoni na moshi unatupiga usoni, uji unachelewa, na Bibi anavaa makoti mawili. Hajalalamika, na kwa Bibi hilo linanitisha kuliko kelele.

Kuna jambo nililolisahau, na Bibi hakulisahau ila alinyamaza. Mbegu, Mama. Yale mahindi yetu meupe ya asili yalikuwa darini, juu ya mafiga, kama ilivyo miaka yote. Bibi husema mahindi huvaa moshi kama sisi tunavyovaa sweta. Moto ulipotoka, sweta likatoka. Nilipopanda kuangalia, unga ulikuwa umemwagika chini ya magunzi na fukusi wanatembea kama wenye nyumba. Nililia. Bibi aliniambia nishuke nisije nikaanguka, akasema alijua tangu alipobingirisha jiwe la kwanza. Tulipukuchua yaliyopona, tukayachanganya na majivu, na sasa yamo kwenye mtungi chini ya kitanda chake. Hayatatosha shamba la bondeni. Amesema huko tutapanda viazi.

Kilichobaki ni hewa ya nje, na hapo ndipo nguvu zimeniishia. Unajua msimu huu ulivyo. Kila anayeandaa shamba anachoma, na wanaopasua mbao wanachoma maranda, na jua la jioni linashuka jekundu kabla halijafika kwenye vilima. Mzee Abrahamu wa ng'ambo ya korongo anasema moshi huita mawingu, kwamba wazee walichoma na mvua ikaja. Nilimuuliza mwalimu, nikitegemea acheke. Hakucheka. Alisema mzee ana nusu ya ukweli, kwa kuwa matone ya mawingu huanza kwa kushika chembe za hewani. Lakini chembe zikizidi, maji yale yale hugawanywa kama chungu kimoja cha uji kwa wageni wengi mno. Kila mmoja anapata kijiko, hakuna anayeshiba, na matone membamba hayashuki upesi. Tena masizi meusi hunywa joto la jua huko juu, ilhali chembe nyingine hulirudisha jua lilikotoka, kwa hiyo anga letu linavurugwa huku na huku. Alisema asingethubutu kudai kwamba moto wa Abrahamu pekee umetuchelewesha mvua. Nami nakuandikia hivyo hivyo, nisije nikamsingizia mzee wa watu.

Bibi alichukua ile kadi nyeusi akavuka korongo kwenda kwake. Abrahamu alimwambia shamba halilimwi kwa karatasi. Bibi akamwambia hata mtoto hafufuliwi kwa shamba. Mzee akakubali kuacha kuchoma upande unaotuelekea, akisisitiza kwamba ni kwa heshima ya Bibi, si ya karatasi. Ameacha kweli. Ila mashamba ni mengi, na moshi haujui mpaka wa mtu.

Mama, sasa nifike kwenye lile ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu mstari wa kwanza. Najua mnaruhusiwa Jumamosi. Nimepaka chokaa chumba kile cha mbele, kisichowashwa moto kamwe, na nimetandika kitanda cha Obed. Nilitundika kadi humo kwa wiki nzima. Imetoka ya kijivu. Si nyeusi kama ya jikoni, lakini ukiitazama kwa kioo cha kukuzia imejaa.

Niliificha kadi hiyo. Jana asubuhi nikatundika nyingine mpya, nikaiondoa kabla ya chakula cha mchana, ikiwa nyeupe kabisa, na hiyo ndiyo niliyokusudia kuiweka ndani ya bahasha hii ili uione ukafurahi, mrudi. Nimewakumbuka mno. Nyumba bila kelele za Obed ni kama kanisa siku ya Jumatatu. Bibi aliikuta mezani. Hajui kusoma, lakini aliuliza swali moja tu, kwamba hiyo imekaa ukutani muda gani. Nikamwambia ukweli. Akaniambia kwamba yeye alimwumiza mtoto bila kujua, na kwamba mimi ninayejua sina ruhusa hiyo.

Basi sikuleti kadi yoyote, Mama. Nakuomba msirudi Jumamosi. Bibi naye anaomba hivyo, na ndiye aliyelitamka kwanza. Kaeni kwa Mama Mdogo Oktavia hapo hapo Ikonda, mwambie awashe moto nje. Mvua zikishuka na kuliosha anga, nitatundika kadi mpya juu ya kitanda cha Obed na kuiacha wiki nzima, nisiiguse. Nitakutumia jinsi itakavyotoka. Ikiwa nyeupe, njooni siku hiyo hiyo. Ikiwa ya kijivu, nitakutumia vilevile.

Leo tukitoka ibadani tuliona wingu dogo upande wa Njombe. Bibi alisimama kulitazama hadi watu wote wakatupita, akasema halina haraka, nalo limechoka kama sisi.

Mama Kristina amebeba pia sweta la Obed. Bibi amelifua mara nyingi na kulianika ndani, mbali na kibanda, na anataka ulinuse kabla hujamvika. Mwambie Obed kuku wake mwenye shingo tupu ameangua. Msalimie Mama Mdogo na wote wanaowatazama huko. Mungu awalinde mpaka anga litakapotakata.

Ni mimi mwanao anayewangoja,

Rejoice