Jiaozi Moja Imebaki, Baba Fiona

Leo mwaka umetimia, Baba Fiona, tangu utuache hapa ughaibuni, Woodbury, na theluji mlangoni. Watu walituambia tutazoea. Hatujazoea.

Wenzako wa kazini wanakukumbuka kama Guo, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, ambaye hakuweza kulala akijua kuna mzee anatetemeka kwa baridi mji wa Golden Valley. Wakenya wa kanisani wanakukumbuka kwa jiaozi zako, vile vifuko vya unga na nyama vya kuchemsha, walizozibatiza sambusa za maji. Ulicheka, ukaongeza pilipili. Kiswahili chako kilichechemea, lakini kilifika.

Kila mkesha wa Mwaka Mpya wa Kichina ulitukalisha mezani tukunje jiaozi kama kwenu Weihai. Ndani ya moja ulitia shilingi ya Kenya, ile aliyokuja nayo Mama mkobani, baada ya kuichemsha. Atakayeiuma, heri ya mwaka ni yake. Ajabu, miaka kumi na tisa iliumwa na Mama tu! Ulidhani hatukuoni ukiiongezea mkunjo mmoja, kisha ukiisukumia sahani yake. Na wewe ndiye uliyeshangaa kuliko wote, mwongo mkubwa wee.

Mwaka jana mikono ilikutetemeka. Tulikula, shilingi haikuonekana. "Iko kwa zilizobaki," ulisema, "tutaipata." Zilibaki kumi na nne, tukazitia kwenye mfuko, tukauweka frizani. Wiki tatu hazikuisha, moyo wako ukasimama.

Tangu hapo Mama hakuturuhusu kuugusa mfuko ule. Umeme ulipokatika mwezi Machi, alitoka na ndala, akaufukia kwenye theluji na kuusimamia, akilia huku akifukuza kindi. Tulimsihi aingie ndani. "Zikiharibika hizi, atakuwa ameisha kabisa," alisema.

Wiki hii Mwaka Mpya wa Kichina, ambao tarehe yake huhama, umerudi. Elkanah akamwambia, "Mum, Dad alisema tutaipata. Tuzi-cook tu, please." Akakubali, ila hakutaka mtu amsaidie. Alizichemsha moja moja, akila amesimama kando ya jiko, akitafuna polepole. Ya kwanza, hakuna. Ya tano, hakuna. Ya kumi na tatu, hakuna. Hapo akaanza kukuita kwa jina, akikuuliza umeiweka wapi. Tulishikana mikono kama watoto wadogo. Hatujawahi kumwona hivyo, hata siku ya mazishi.

Ilibaki moja. Sote tuliitazama. Haikuwa na ule mkunjo wa ziada.

"Mum," Fiona akaanza, "hiyo haina..."

"Nyamaza!" Mama akasema. "Alama yake naijua tangu mwaka wa kwanza. Mlidhani miaka yote hiyo nilikuwa nabahatisha?"

Akairudisha frizani, akausukuma mlango kwa mikono miwili na kubaki ameuegemea.

Tumepekua makoti yako yote, sanduku la spana, hata kopo la unga. Shilingi hatujaiona. Ile jiaozi ya mwisho ipo, na hakuna atakayeipika.

Tunaokulilia ni mkeo Dinah, wanao Fiona na Elkanah, dada yako huko Weihai, mashemeji zako na wanakanisa wote.

Hatutakusahau kamwe, Baba Fiona. Lakini kama unatusikia, mwambie Mama tu uliiweka wapi.