Nilimdanganya Binti Yangu Kuhusu Mazutu ya Jeep

Mama Bénédicte, wewe unayetusomea barua redioni, mimi ni mzee wa Karuba na nakuomba unisaidie kabla pumzi haijaniishia, maana nina jambo ambalo nimeshindwa kumwambia padri, nimeshindwa kumwambia binti yangu, na kwako nitaweza kwa sababu huoni uso wangu.

Moyo wangu umechoka. Mchana kutwa ninalala kando ya dirisha, na kutoka hapa ninaona malisho, mawingu yanashuka mpaka kwenye majani, ng'ombe wanaingia ndani yake na kutokea upande mwingine kama wanyama waliozaliwa sasa hivi, na mara nyingi sijui kama nimelala ao niko macho. Kitu kimoja tu ndicho kinanirudisha, nacho ni mlio wa jeep yetu ikipanda kutoka Mushaki. Ni jeep ya zamani ya mazutu, yaani dizeli, injini yake ni kubwa, silinda sita, lita nne na zaidi, na inapopanda kilima haipigi makelele, inanguruma chini chini kama mtu anayeimba huku analima, nami nikiusikia mlio huo najua kwamba Josiane, binti yangu, anarudi nyumbani.

Mimi nilizaliwa katika pori la Walikale, mbele ya Kalembe, na baba yangu alikuwa mwindaji wa nyavu. Nilikuja huku Masisi kufundisha fizikia, nikaoa huku, nikazeeka huku, lakini tangu nianze kuugua, nikifumba macho niko kwetu, majani yanadondosha maji, moshi unapita katikati ya paa, baba anakung'uta wavu wake. Katika ndoto hiyo ninafika ndani ya jeep. Hakuna anayeiendesha. Injini imezimwa, gari inashuka kilima cha mwisho peke yake, bila sauti, watu wetu wamesimama kando ya njia wanaingoja, nami niko nyuma nimefunikwa shuka, na siumwi mahali popote.

Sasa sikiliza nilichofanya. Josiane anauza fromaji, jibini ya maziwa ya huku, na maharage kidogo, anapakia hapa Karuba, anapeleka Mushaki mpaka Sake, kisha anarudi. Siku moja alikuja akakaa kitandani kwangu.

"Papa, hii jeep iko inakunywa mazutu sana. Vyote napata kwa fromaji, yeye njo anavikunywa. Habineza wa Mushaki iko na kajeep kadogo ka essence, moteur ya lita moja na nusu. Anataka tubadilishane."

Nikamwambia kwamba injini ndogo si lazima inywe kidogo. Nikamweleza kwamba ukiipa mzigo mzito na matope marefu, itapiga kelele katika vitesi ya kwanza, gia ya chini kabisa, tangu asubuhi mpaka jioni, na kila kelele ni mafuta yanayokwenda. Nikamweleza kwamba lita moja ya mazutu ina nguvu kuliko lita moja ya petroli, hiyo essence, tena essence ya chupa inayouzwa kando ya njia imechanganywa na mafuta ya taa na inaua injini. Niliongea vizuri, Mama, niliongea kama zamani darasani, nikapiga hesabu ya mteremko na uzito na matope ya Kalembe, na kila nilichosema kilikuwa kweli.

Josiane alinitazama. "Papa, weye njo mwalimu, miye sijui. Basi tupime. Tujaze tanki mpaka kwa shingo kule Sake, tutembee, tujaze tena, tulinganishe na kale ka Habineza."

Hapo niliogopa, kwa sababu nilijua kipimo kitasema nini. Josiane alipokwenda sokoni nikamwita Jérémie, shofere wake, ambaye nilimfundisha tangu mdogo, nikamwambia kwamba akifika juu ya Mushaki azime moto wa injini na aiache jeep ishuke yenyewe mpaka karibu na Sake. Mashofere wetu wanaijua kazi hiyo, wanaiita rulibre, wanaifanya mafuta yakikaribia kwisha. Josiane hukaa nyuma na mizigo, akisinzia, asingejua.

Jérémie akacheka. "Mwalimu! Si weye njo ulitufundisha kama breki ya motokari inapata nguvu kwa moteur? Leo unasema nizime?"

"Zima."

"Na Josiane mwenyewe akiuliza sababu gani haikunywe tena?"

"Mwambie jeep imepona."

"Imepona! Basi tutoe misa ya shukrani, mwalimu, na jeep ikae kwa benchi ya mbele."

Alicheka, lakini alitii, kwa sababu bado ananiogopa. Na jeep ikaonekana inakunywa kidogo. Josiane akaja mbio, akanibusu kwenye paji la uso, akasema, "Papa, ulisema kweli. Habineza abaki na kake." Mama Bénédicte, sijui kama umewahi kubusiwa kwa sababu ya uongo. Nililala vizuri siku ile, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Halafu juma lililopita, katika kona ya mteremko ule, injini ikiwa imezimwa, breki zikawa ngumu kama jiwe, usukani ukakataa, Jérémie akailaza jeep kwenye ukuta wa udongo upande wa mlima, kwa maana upande wa pili hakuna kitu ila hewa. Fromaji zilimwagika zikabingirika njiani. Wachungaji wa ng'ombe walizikimbilia wakicheka. Josiane alifika nyumbani na udongo mpaka kwenye nyusi, naye anacheka, "Papa, fromaji zilikimbia kuliko miye!" Jérémie alisimama mlangoni, hakunitazama.

Tangu siku hiyo ndoto imebadilika. Jeep inashuka vilevile, bila sauti, watu wetu wamesimama vilevile kando ya njia, lakini wakifungua mlango wa nyuma, aliyefunikwa shuka ni Josiane.

Ukweli wenyewe ni huu. Ninataka nikifa nipelekwe kwetu, nyuma ya jiko la zamani la mama yangu, alipolala baba yangu, na jeep hii peke yake ndiyo inaweza kuyapita matope ya Kalembe. Kale kadogo hakatafika. Josiane hajui, sikumwambia hata mara moja. Nikimwambia sasa, nitakufa nikiwa mwongo machoni pake. Nikinyamaza, ataendelea kupanda gari ile akiniamini. Nifanye nini, Mama, na unijibu upesi, kwa sababu mawingu yameanza kuingia hata humu chumbani.

Mwalimu mzee, Karuba

*

Papa mwalimu,

Nilisoma barua yako polepole na huruma ikanishika, kisha nikafika kwenye ile kona na huruma ikatoka. Umemweka mtoto wako ndani ya gari isiyo na breki ili wewe upate usafiri wa mazishi. Ninalisema hivyo wazi kwa sababu wewe umelizunguka kwa mawingu na ng'ombe na maneno mazuri, nami karibu nizunguke pamoja nawe.

Kwanza kabisa, ukipata jibu hili, ambalo sikulisoma redioni kwa ajili ya Josiane, mwite Jérémie. Mwambie moto hauzimwi mteremkoni tena, ashuke na vitesi ndogo, injini ikiwaka. Usimwachie yeye lawama ya ile ajali. Alitii mwalimu wake. Na mwenye ujuzi azitazame breki kabla jeep haijatoka tena.

Sasa fizikia yako. Uliyosema ni kweli, sitabishana na mwalimu. Kwa mzigo mzito na matope marefu, injini ndogo huteseka na hunywa. Lakini soma barua yako mwenyewe, Papa. Josiane anabeba fromaji. Anakwenda Mushaki na Sake, anarudi. Haendi Kalembe. Njia uliyoipigia hesabu, hakuna mtu wa nyumba yako anayeipita isipokuwa wewe, ukiwa umelala. Kwa fromaji, injini ya silinda sita inatumia mazutu mengi kujizungusha yenyewe tu, na binti yako ndiye anayeilisha.

Kipimo kirudiwe, safari hii bila ujanja. Josiane amwombe Habineza kale kagari kabla ya kubadilishana, akajaze kabisa fromaji na maharage anayobeba kila siku, apande nako toka Sake mpaka Karuba. Kama katalia katika vitesi ya kwanza njia nzima, akaache, atafute kenye injini kubwa kidogo. Kama katapanda vizuri, achukue. Essence anunue kwenye pompe ya Sake, anapita pale kila safari. Chupa za njiani aziache. Na asidanganywe kununua essence ya bei ya juu kama gari haikutengenezwa kwa hiyo, haitapunguza kitu. Hayo unayajua kuliko mimi. Mweleze wewe, uwe mwalimu wake mara moja tena, sasa bila kuficha kitu.

Unaogopa kufa ukiwa mwongo machoni pake. Papa, ukinyamaza utakufa mwongo vilevile, tofauti ni kwamba yeye atalijua siku ambayo huwezi kumjibu, kwa mdomo wa Jérémie, pengine kando ya jeneza lako. Atakasirika, ndiyo. Mwache akasirike ukiwa hai, apate mtu wa kumkasirikia.

Habari ya kurudi kwenu si aibu. Hakuna mtoto wa huku atakayeshangaa kwamba baba yake anataka kulala karibu na baba yake. Jamaa zako wa upande wa Kalembe wapigiwe simu sasa, wajue. Gari ya kuvuka matope siku moja inakodiwa. Haiwekwi nyumbani mwaka mzima ikila chakula cha mtoto.

Na kuna neno moja gumu ambalo hukuliandika. Unajua njia ile ya Kalembe, kwa vita na kwa mvua, inafungwa na kufunguka bila kumuuliza mtu. Mwambie Josiane, kwa mdomo wako, kwamba kama siku hiyo haitapitika, akuzike hapo Karuba, na kwamba hutamlaumu. Usipolisema, atajaribu kupita, namjua bila kumwona, mtoto anayecheka akiwa na udongo kwenye nyusi.

Mwite Josiane leo. Anza na kaburi, kisha umwambie ya mteremko. Ukianza na injini utaongea vizuri tena, na jua litazama hujasema kitu.