Kipande cha Chuma Nilichopima na Kutu Yake

Tata,

Shikamoo, baba yangu. Hili sijamwambia mtu: kile kipande cha chuma sikuwa nakisugua.

Ulipoacha kazi ya mabomba ya gesi Mtwara ukaturudia hapa Ihanda, ulilaza bomba la chuma kutoka mtambo wa gesi ya samadi hadi jiko la shule yetu. Ndani ukaning'iniza kipande cha chuma hichohicho. "Bomba zima hatuwezi kuliweka kwenye mizani," ulisema, "ila hiki kikiliwa na kutu, jua na lenyewe linaliwa." Kila muhula nikitoe, nisugue kutu yote, nipime maabara.

Wenzangu wakanicheka: "Mama Kutu!" Nikaona aibu kusugua mbele yao. Nikapima hivyohivyo, na kutu nayo ina uzito wake. Namba haikushuka. Ulikuwa kitandani unaumwa nilipokuletea namba hiyo, ukacheka mpaka ukakohoa: "Bomba letu ni zima, mwanangu!" Ukaondoka ukiamini hivyo.

Baada ya matanga nilikisugua. Tata, kilibaki chembamba kama ganda la kahawa! Nilipima mara tatu. Nikaenda kwa mkuu wa shule, mimi ninayeitika jina langu kwa kunong'ona, nikamwambia afunge gesi.

"Si baba yako alisema ni zima?"

"Fundi aje akwaruze, Mwalimu."

Fundi akaja. Bisibisi ikazama kwenye bomba kama kwenye ndizi mbivu, hatua mbili tu kutoka alipokuwa anakaa mpishi wetu, Ma Adela. Akanikumbatia na unga wake wote! Kesho yake mstarini shule nzima ilinipigia makofi. Sasa wakiniita Mama Kutu naitika, tena kwa sauti. Bomba jipya limelazwa, na kipande kipya kimo ndani. Nakisugua mchana kweupe.

Lakini fundi alisema mbele ya Mama, "Binti kamzidi baba. Mzee alipima vibaya." Mama akainama. Nami... nikanyamaza, Tata. Makofi yote yale, nikanyamaza.

Ulinifundisha sawasawa. Jumatatu nitasema hivyo mstarini, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, asije mtu akasema hakuelewa. Nakuahidi. Pumzika, fundi wangu.

Nasikia kandambili za Mama. Jana barua hii niliisukumiza chini ya godoro. Leo iko mezani, imefunguka, na wa kwanza kuisoma atakuwa yeye.

Ameshika kitasa. Sifichi.

Mwanao,
Mama Kutu