Baba Alisimama kwenye Uzio Hadi Nyama Ikapoa

Waheshimiwa wachungaji wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo. Wazee wa baraza, Mzee Gaspari wa Buffalo, Mzee Revokatus wa hapa Columbus na Mzee Mirindi wa Louisville. Viongozi wa matawi yetu matatu. Kina mama ambao tangu asubuhi hamjatoka jikoni. Wanafunzi, vijana, na ninyi wa safu ya nyuma mnaodhani siwaoni mkitazama simu: nawasalimu nyote katika mkutano wa mwaka wa jumuiya yetu ya hapa Marekani.

Mmezoea kunisoma katika ukurasa wa barua wa jarida letu. Leo nimeomba nafasi nisome barua moja kwa sauti na kuijibu mbele yenu, kwa sababu jibu lake siwezi kulitekeleza peke yangu, na aliyeiandika hawezi pia. Ameniruhusu kumtaja. Baba yake nilimwendea asubuhi hii pale mlangoni. Akaniambia, “Soma. Lakini usome yote.” Basi nasoma yote.

*

Mama Delfina mpendwa, nakuandikia kwa heshima nikiomba unisaidie kufikiri, maana nimefikiri peke yangu wiki tatu nzima na nimeishia pale pale nilipoanzia. Mimi ni Grâce, niko mwaka wa tatu chuoni hapa Louisville, na kaka yangu Elisée yuko mwaka wa mwisho katika chuo hicho hicho na anacheza futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili, na kwa miaka minne yote baba yetu hajawahi kumwona akicheza, kwa kuwa kila Jumamosi ana zamu ghalani Jeffersontown, donc, kwa hiyo, tulizoea kumwonyesha kwenye simu, naye anatazama kidogo, anauliza, “Sasa Elisée ni gani?”, kwa sababu wote wamevaa kofia, kisha anaturudishia simu.

Mwaka huu chama cha marafiki wa timu, wale watu wazima waliosoma pale zamani ambao huichangia timu na kuchoma nyama nyuma ya magari yao kwenye maegesho kabla ya kila mechi, waliniomba niwasaidie kuwaleta watu wasiokuja kamwe, yaani wanafunzi, na watu wa mjini wanaoipenda timu kidogo tu, kwa mbali, kwani walisema kila wakifanya sherehe wanajikuta ni wao kwa wao na mvi zao zinaongezeka, nami nikafurahi mno, maana niliona hapo hapo njia ya kumleta baba. Nikabandika matangazo kila ukuta, nikaandika kwamba wote mnakaribishwa, na wanafunzi wakaja kweli, wakachukua fulana za bure, wakaondoka nazo, na nilipomuuliza Kefa, Mkenya tunayesoma naye, mbona hakukaa, akanijibu, “Zii, hapana, Grâce, hiyo ni pati ya wazee. Nikikaa hapo, mmoja ataniuliza mechi fulani ya miaka ya tisini niliionaje. Nitasema nini? Mimi hata sheria za huo mchezo sijui.”

Bon, nikageukia kanisani, nikampa mchungaji tangazo, akalisoma mara mbili kwa uzito wake wote, na Jumamosi iliyofuata walikuja watu wetu arobaini, kina mama kwa vitenge vya sare, kina baba kwa koti na tai, baba yangu mbele akiwa amebadilishana zamu na mwenzake ili aipate siku hiyo, wakafika kwenye maegesho saa tano kamili, wakajipanga kando ya uzio, wakasimama. Walisimama, Mama Delfina! Wenyeji walikuwa wakigeuza nyama na kuwapungia mikono, karibuni, jihudumieni, chukueni sahani, na watu wetu wakawajibu kwa tabasamu na hawakusogea hata hatua moja, kwa kuwa hakuna aliyetamka kwamba hawa ni akina nani na wametoka wapi, hakuna aliyeomba, hakuna aliyewaonyesha kiti, na mimi nilikuwa upande wa pili nikigawa fulana, sijui lolote, hadi mwenyekiti wa chama aliponijia, mzee mpole kweli, akaniuliza kwa sauti ya chini kwaya yangu itaimba saa ngapi, maana aliwaona wamevaa sare na wamepanga mstari, akadhani wanangoja zamu yao, na hata muziki wa kwenye gari lake alikuwa ameuzima ili asiwasumbue.

Nilipofika kwenye uzio baba alikuwa tayari amefunga vifungo vya koti. Nikamwambia, “Papa, chakula iko pale, banakungoja.” Akanitazama. “Nani aliniita? Nani alitaja jina yangu?” Nikasema, “Papa, huku hawaiti, kila mtu anajichukulia.” Mama Nzigire, jirani yetu, akadakia, “Mwanangu, kujichukulia nyama ya watu? Na hii kitenge yote?” Wakacheka, lakini baba hakucheka, na saa nzima kabla ya mechi kuanza wote walikuwa wamerudi majumbani na njaa yao, na Elisée akacheza huku akitafuta jukwaani watu arobaini ambao hawakuwepo.

Sasa Jumamosi ya tatu ya Novemba ni mechi ya mwisho hapa kwetu, na desturi ya chuo ni kwamba kila mchezaji anayemaliza masomo huitwa kwa jina na kuingia uwanjani pamoja na wazazi wake, na sisi mama alitutoka tukiwa bado katika kambi ya wakimbizi, donc ni baba peke yake, na baba amesema harudi mahali ambapo hakupokelewa, na Elisée ananiambia, “Grâce, umuache papa, nitaingia peke yangu,” lakini anayasema hayo akiangalia viatu vyake. Sikuombi unifundishe kumlazimisha baba. Nataka kuelewa, kwa nini mwaliko uliowaita wote haukumwita mtu yeyote? Na nifanye nini ili wanafunzi wakae, wageni wapate kula, na baba aingie uwanjani?

*

Barua imeishia hapo. Grâce, nimekuona karibu na dirisha; usijifiche nyuma ya mwenzio.

Pole, mwanangu. Kumwona baba yako akifunga koti mbele ya chakula kilichopikwa kwa ajili yake si jambo la kusahaulika upesi. Lakini umekosea, na nitakugombeza hadharani kwa kuwa umeniomba ukweli. Unafahamu kwamba kwetu tangazo lililosomwa kanisani ni ahadi: aliyeitwa mbele ya kusanyiko anatazamia kupokelewa mbele ya kusanyiko. Unafahamu pia kwamba wale marafiki wa timu hualika kama mtu anayeacha mlango wazi, na kwao kuuacha wazi ndiyo heshima yenyewe. Kila aliyekuwa kwenye maegesho yale alifahamu desturi moja. Wewe pekee ulizifahamu zote mbili. Mahali pako palikuwa kwenye uzio, nawe ulikuwa ukigawa fulana!

Nakiri kwamba swali lako lilinikosesha utulivu, nikaanza kuulizauliza kama mtu aliyepoteza ufunguo. Asubuhi hii nilimuuliza baba yako kilichomkasirisha. Akaniambia hakukasirika. “Nilikuwa ninajiuliza tu, mama. Kila gari iko na moto yake, kila moto iko na watu yake. Sasa mwenye nyumba ni nani? Nisalimie nani kwanza? Nilikuwa ninangoja nimuone.” Ndugu zangu, lipimeni swali hilo. Kwa saa moja na zaidi mzee huyu alikuwa akimtafuta mwenyeji ili amsalimie, na wenyeji wenyewe, kila mmoja alidhani atakayemsalimia ni yule wa gari linalofuata.

Kisha nikampigia simu Kampire, mwenye duka la vyakula Grant Street kule Buffalo, ambaye televisheni yake huonyesha mchezo huu kila Jumamosi. Nilitaka kujua amewapataje mashabiki, maana nasikia wanaoingia kununua unga hawatoki. Akacheka. “Dada, mimi siwaiti. Mtu anakuja kutafuta samaki, anauliza, mbona hawa wanasimamasimama hivi? Ninamupangia nyanya nne kwenye meza. Ninamwambia, wana nafasi nne za kusogeza mpira yadi kumi. Kila wakijaribu ninaondoa nyanya moja. Ikibaki ya mwisho, hata mwenye haraka anaweka mufuko chini.” Mmesikia? Kampire hajamtahini mteja yeyote. Na Kefa wako, Grâce, hakuikimbia nyama wala wazee. Aliukimbia mtihani.

Kwa hiyo acha mara moja kuandika “wote mnakaribishwa.” Andika majina. Mwendee kila mwanafunzi unayemtaka, umtaje, na umkabidhi kazi, kwa kuwa mwenye kazi hukaa hadi kazi iishe. Kefa akabidhiwe nyanya. Ana wiki nne za kujifunza yale Kampire anayoyajua, na atakapokuwa akimweleza mwingine atasahau kwamba yeye mwenyewe aliogopa kuulizwa. Fulana zigawiwe baada ya mechi, si kabla. Nawe usimame langoni, mikono mitupu, ukimwambia kila mwenyeji jina la kila mgeni.

Nimezungumza pia na mwenyekiti wa marafiki wa timu. Nilipomweleza kwa nini kwaya haikuimba, aliomba radhi. Kisha akasema kwamba kwa miaka ishirini amekuwa akiwapungia watu mkono kutoka kwenye jiko lake, na hajawahi hata mara moja kuliacha jiko hilo na kuwaendea. Akaniuliza afanye nini. Nikamwomba jambo moja tu, naye amelikubali: ametupa nafasi tatu za magari, kando ya uzio ule ule.

Basi, kwa idhini ya wazee wa baraza waliokaa leo asubuhi, natangaza uamuzi ambao mkutano huu utautekeleza. Jumamosi ya tatu ya Novemba tutakuwa na moto wetu wenyewe pale Louisville, na mwenye nyumba katika moto huo ni Mzee Mirindi, baba yake Grâce. Yeye ndiye atakayepokea. Mwanafunzi akifika, shabiki wa mbali akifika, mwenyekiti mwenye mvi akifika, wataulizwa majina, watatambulishwa mbele ya watu, wataombewa, wataonyeshwa viti, na watapelekewa sahani mkononi. Tawi la Columbus litaleta nyama na mkaa; ni mwendo wa saa tatu na nusu, hakuna atakayedai ni mbali. Tawi la Buffalo litaleta viti, na litamleta Kampire na nyanya zake. Tawi la Louisville litaleta kwaya, kwa kuwa mwenyekiti wa marafiki wa timu bado anaingoja. Itakapobaki robo saa wachezaji kuitwa, Mzee Gaspari atashika nafasi ya mwenyeji, na Mzee Mirindi atatembea na Elisée hadi katikati ya uwanja, ambako majina yao yatatajwa kwa kipaza sauti. Orodha ya matawi iko mezani kwa katibu, na hakuna atakayetoka ukumbini humu kabla ya kuandika jina lake na kazi yake.

Wanaoukubali uamuzi huu wasimame.

Mzee Mirindi, wewe hapana. Ulisimama vya kutosha siku ile. Leo kaa, baba, ututazame sisi tukisimama.