Ngazi ya Darini

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko uliko? Wifi na watoto hawajambo? Mgongo je, bado unakusumbua ukiinama? Sisi wazima. Mama magoti yamegoma, ila ulimi wake bado unatushinda sote.

Binti yangu amerudi nyumbani na kichanga chake, vyumba havitoshi. Basi tumeamua kugeuza dari kuwa chumba. Shemeji yako ndiye msimamizi, yaani anakaa kitini na kunyoosha kidole. Fundi seremala ameongeza boriti, kaweka sakafu ya mbao na dirisha dogo. Kimekuwa chumba cha maana.

Lakini tangu dari ifunguliwe sina amani. Mchana kweupe, niko jikoni, nasikia miguu midogo huko juu ikikimbia hadi kwenye tundu la kushukia, kisha inasimama. Shemeji yako anasema ni mbao mpya zinajinyoosha. Naijua miguu ile. Naogopa, Kaka.

Juzi fundi kaniuliza, “Mama, ngazi niifunge moja kwa moja, au unataka ya kuondoa?” Nilikaa chini palepale kwenye vumbi la mbao.

Kaka, siku ile ngazi niliiondoa mimi. Mdogo wetu wa mwisho alipanda darini kujificha, akanichungulia na kunizomea. Nikasema ngoja nimkomeshe. Nikaitoa nje, nikaenda zangu kuchota maji. Niliporudi alikuwa amesharuka, na hakuamka tena.

Wakauliza nani alikuwa na ngazi. Asubuhi ulikuwa nayo wewe, ukiziba paa. Baba akakuita muuaji mbele za watu, ukaondoka, nami nikanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikafika ishirini, nikafika arobaini, bado nimenyamaza. Baba kafa akiamini hivyo.

La kuvunda halina ubani. Leo nimemwambia Mama yote, yeye ambaye tangu uondoke hajawahi kukutaja. Hakulia, wala hakunitukana. Alisema tu, “Nipe namba ya mwanangu.” Tangu hapo hajasema nami.

Msalimie sana Wifi, na wanao wote, hasa yule mtundu wa mwisho. Shemeji yako na binti yangu wanakusalimu. Mungu akulinde uendako na urudiko.

Usiponisamehe mimi, ni haki yako. Ila simu ikiita na namba usiijue, pokea. Ni Mama.

Mdogo wako,
aliyekukosea na anayekupenda.