Mkono wa Baraka Uliponyanyuka

Jumamosi, jioni. North York kuna upepo wa baridi, na mimi leo naogopa hata simu yangu.

Nilikuwa refa wa mstari, kwenye ile futiboli ya Kanada ya kofia ngumu na mpira uliochongoka. Kazi yangu ni kuangalia nani anatikisika kabla mpira haujaanza kuchezwa. Wachezaji wa nyuma wanaruhusiwa kuja mbio kuelekea mstari. Wale wa mbele, walioinama mkono chini, wakishatulia hawaruhusiwi hata kustuka. Lakini mpinzani akivuka upande wao akawastua, kosa ni lake yeye.

Baraka, kijana anayecheza mbele, alinyanyua mkono kabla ya wakati. Mama yake tunaimba naye kwaya, na nimekula kwake mara ngapi sijui. Nikapuliza filimbi, nikarusha kitambaa cha adhabu. Timu yake ikarudishwa yadi tano nyuma. Walikuwa wamebakiza yadi moja tu ili waendelee kuushika mpira, na hilo lilikuwa jaribio la mwisho. Ikabidi waupige mpira mbali, wauachie wapinzani, na mechi wakaipoteza.

Mpinzani ndiye aliyevuka kwanza, akamstua. Nilimwona.

Niseme ukweli, hapa sina wa kumdanganya. Tangu mechi ianze nilikuwa namkodolea macho Baraka kuliko wenzake wote. Niliogopa watasema nampendelea Mtanzania mwenzangu. Mkono wake ulipocheza tu, nikapuliza. Ningeweza kufuta adhabu palepale, marefa hufanya hivyo. Sikuifuta.

Saa kumi na moja mama yake kapiga. Nikajua nimekwisha. Kumbe anaomba radhi.

"Mama Neema, samahani, mwanangu kakutia aibu mbele za watu. Kocha kasema wiki ijayo atakaa benchi. Analia, eti kaonewa. Nimemgombeza, nimemwambia Mama Neema namjua, hawezi kumwonea mtu."

Nikamjibu, "Hamna shida, dada."

Hamna shida. Midomo mingine hii.

Mkuu wa marefa nimeshamtumia ujumbe, nimeeleza yote. Atamwambia kocha, Baraka atarudi kikosini, na mimi huenda nisipangiwe mechi tena. Hilo naliogopa, ila nitalizoea. Ninayemwogopa zaidi ni mama yake.

Kesho kabla ya ibada nitamwambia: dada, mwanao alisema kweli, umemgombeza bure. Nimeyajaribu maneno hayo jikoni mara tatu. Sijafika mwisho hata mara moja.